Makampuni Yaunganapo, Mteja Asisahauliwe

Mwezi Februari, 2019, makampuni ya simu ya Airtel na Telkom ya Kenya yalitangaza mapatano ya kuungana, ili yapate nguvu ya kushindana na Safaricom. Wapo wateja waliofurahi: wanyonge wawili wakishikana, mwenye nguvu atalazimika kupunguza bei. Wapo waliohofu: katika maduka makubwa matatu yakibaki mawili, mnunuzi aliyechoshwa atakimbilia wapi? Wafanyakazi wa Telkom nao waliarifiwa kwamba watapunguzwa kazini. Agosti, 2020, mpango huo ukavunjwa.

Ndugu wasomaji, funzo lingalipo. Umoja wa wenye mali si lazima uwe umoja wa wananchi. Alipaye na atendaye kazi wasikilizwe kabla mkataba haujatiwa sahihi, si baadaye.