Upinde wa Waata: Silaha iliyogeuka kosa

UPINDE uliompa Mwaata riziki katika nyika ya kati ya mito Tana na Galana, leo waweza kumfikisha mahakamani.

Waata, ambao pia huitwa Wasanye, walisifika kwa pinde ndefu zilizo ngumu mno kuvuta, zenye uwezo wa kupenyeza mshale katika ngozi ya ndovu.

Hata hivyo, nguvu pekee haikutosha. Mshale ulipakwa sumu ya mti wa msunguti, iliyochemshwa hadi ikawa nzito na nyeusi kama lami, kisha ukaviringishiwa ngozi nyembamba ili sumu isikauke. Sumu hiyo husimamisha moyo baada ya kuingia kwenye damu, ndiposa mwindaji alilazimika kunyemelea karibu kabla ya kufyatua.

Mwaka wa 1948, Mbuga ya Tsavo ilimeza sehemu ya mawindo yao. Mradi wa Galana, ulioanzishwa mwaka wa 1960 ili wawinde kihalali, haukudumu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, na sheria ya 2013 ikazidisha adhabu.

Marufuku hayo yalikusudiwa kuwanusuru wanyama. Mwindaji asiye na ng'ombe wala shamba hakuachiwa mbadala, na ujuzi wake unazikwa pamoja na wazee.