Gorila hatuna, na si lazima tuwalete

Rwanda humtoza mgeni dola 1,500 za Marekani, bei iliyoanza Mei 2017, ili akae saa moja na gorila wa milimani. Uganda hutoza dola 800. Mtanzania anayesikia viwango hivyo ana haki ya kuuliza mbona nchi yenye Serengeti na Ngorongoro haina mnyama huyo, na kama hayupo, kwa nini asiletwe. Swali hilo lina msingi: mwaka 2019 tulipokea faru weusi tisa kutoka Afrika Kusini wakapelekwa Grumeti. Lakini faru alirudishwa kwao. Gorila hana kwao hapa, na dola zile hulipia msitu na nidhamu ya miaka mingi kabla hazijamlipia mnyama mwenyewe. Vitu hivyo havipakiwi kwenye ndege.

Sababu ya kwanza ni chakula, na ukiwa Dodoma huhitaji kwenda mbali kuiona. Mvua hapa ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, kiasi cha milimita 570 kwa mwaka. Ifikapo Septemba mibuyu imepukutisha majani, vichaka vya Itigi vimekauka, na makorongo ya Ugogo yamebaki mchanga mtupu ambao watu huufukua kutafuta maji. Sasa mchukue gorila dume, yule mwenye mvi mgongoni: kwa siku anaweza kumaliza kilo 20 na ushei za majani, mashina na machipukizi ya mianzi, na maji yake mengi huyapata humo humo kwenye majani, hata ni nadra kumwona akinywa. Mnyama wa namna hiyo hawezi miezi saba ya kiangazi. Sokwe mtu ana riziki nyingine; hula matunda, mbegu, mchwa, hata nyama, na huzurura eneo kubwa kuvitafuta. Ndiyo maana anaishi Ugalla na bonde la Issa, katika miombo mikavu ya magharibi mwa nchi, ilhali hakuna kumbukumbu ya gorila wa porini katika ardhi ya Tanzania. Hata wachoraji wa kale wa Kolo, Kondoa, ambao michoro yao iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, walichora twiga, pofu na tembo.

Mtu atasema: Dodoma ni nyika, sawa, lakini Mahale na Udzungwa kuna misitu, na Rubondo mbona iliwezekana? Ni kweli. Kati ya 1966 na 1969 sokwe mtu 17 kutoka Ulaya waliachiwa katika kisiwa hicho cha Ziwa Victoria, wakazaliana. Ila sokwe wale walikuwa tayari mikononi mwa watu, katika bustani za wanyama. Gorila wa milimani hayupo hata mmoja katika bustani yoyote duniani. Kumleta ni kumng'oa kwenye kundi lake, katika jamii ya wanyama 1,063 tu kwa hesabu iliyotangazwa mwaka 2019, ambayo jike wake huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka minne hivi. Na Rubondo yenyewe, zaidi ya nusu karne baadaye, bado haijapata jina la Gombe au Mahale kwa kutazama sokwe.

Tuangalie basi mgeni analipia nini hasa. Alfajiri, yeye akiwa bado kwenye chai, wafuatiliaji wameshaingia msituni kuanzia pale kundi lilipoonekana jana. Kila jioni gorila hujitengenezea kitanda kipya kwa kukunja matawi na majani, na asubuhi hukiacha na kinyesi ndani yake. Ukubwa wa kinyesi humwambia mfuatiliaji kama aliyelala ni dume kubwa, jike au mtoto. Kinyesi hicho hicho hupelekwa maabara kuhesabia wanyama kwa vinasaba. Kutoka vitandani watu hufuata mimea iliyolala na mabua yaliyomenywa, kisha humwita kiongozi wa wageni kwa redio. Wageni hawazidi wanane kwa kundi kwa siku, na mwenye mafua haruhusiwi, hata kama amelipa. Wakifika, kiongozi hukoroma taratibu kooni, sauti ambayo gorila huitambua kuwa ya amani. Dume la kilo 160 huendelea kutafuna. Utulivu huo ulichukua miaka miwili au mitatu ya watu kulitembelea kundi lile lile karibu kila siku, kabla mgeni wa kwanza hajalipa senti.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaotaka utalii huu ufungwe kabisa, kwa kuwa maradhi yetu huwaua wanyama hawa. Wana hoja. Sokwe wa Gombe walipata polio mwaka 1966, na virusi vya mafua ya binadamu vimeua sokwe na gorila zaidi ya mara moja. Lakini gorila wa milima ya Virunga walikuwa 254 mwaka 1981. Sensa ya 2015 na 2016 ilikuta 604. Makundi yaliyozoea watu, yanayolindwa kila siku na kutibiwa na madaktari wa wanyama, ndiyo yaliyokua kwa kasi. Fedha nazo hufika vijijini: Rwanda hutenga asilimia 10 ya mapato ya hifadhi, Uganda asilimia 20 ya viingilio. Bila hizo, mkulima wa viazi anayepakana na msitu angemvumilia jirani yule kwa lipi? Kwa hiyo bei ni kali kwa sababu nafasi ni chache, na atakayepeleka wageni thelathini kwa bei ya chini atamaliza biashara na mnyama pamoja.

Anayetaka gorila avuke mpaka wa Mutukula aende Bwindi, Uganda. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kidogo sana kuliko mgeni wa mbali. Sisi tunao sokwe mtu, na wengi wao wanaishi nje ya hifadhi za taifa, katika miombo ya Kigoma na Katavi inayofyekwa kwa mashamba na mkaa. Bunge likikaa tena Dodoma kujadili bajeti ya maliasili, waheshimiwa waulize misitu hiyo imetengewa walinzi wangapi.