Japani: Dorayaki, mkate mtamu wa maharagi unaokumbusha walivyotengwa wagonjwa wa ukoma

Wakaaji wa Kongo wamezoea kula maharagi yenye chumvi na mafuta, pamoja na bugali au wali. Huko Japani, maharagi madogo mekundu yanayoitwa azuki hupikwa na sukari mpaka yanakuwa mazito na laini. Maharagi hayo, yaani anko, huwekwa katikati ya vikate viwili vya mviringo vilivyopikwa kwa unga wa ngano, mayai, sukari na asali. Hiyo ndiyo dorayaki.

Jina hilo linatokana na dora, upatu wa shaba ambao vikate hivyo vinafanana nao. Watoto wa nchi nyingi wanaijua dorayaki kupitia Doraemon, paka wa katuni anayeipenda kuliko chakula kingine chochote.

Lakini mwaka 2015, filamu ya Naomi Kawase iliifanya dorayaki iguse kidonda cha zamani. Filamu hiyo, An, ilionyeshwa kwenye tamasha la Cannes, na kwa Kifaransa inaitwa Les Délices de Tokyo. Inatokana na riwaya ya Durian Sukegawa. Ndani yake, mama mzee Tokue, mwenye vidole vilivyopinda, anaomba kazi katika kibanda cha dorayaki. Anapika anko kwa uvumilivu, na wateja wanaanza kupanga foleni. Kisha habari inaenea kwamba aliwahi kuugua ukoma. Foleni inakwisha, na Tokue anaondoka. Anko ni ile ile. Kilichobadilika ni macho ya watu.

Hadithi hiyo ni ya kubuni, lakini sheria iliyowatenga watu kama Tokue ilikuwepo kweli. Japani ilianza kuwatenga wagonjwa wa ukoma kwa sheria ya mwaka 1907. Dawa zilipatikana katika miaka ya 1940, lakini sheria mpya ya mwaka 1953 iliendelea kuwatenga, na haikufutwa mpaka mwaka 1996. Wengi walibadilisha majina ili jamaa zao wasiaibike. Hata walipokufa, mifupa ya wengi ilibaki katika vituo hivyo kwa sababu hakuna ndugu aliyekuja kuichukua.

Mwaka 2001, mahakama ya Kumamoto iliamua kwamba sheria hiyo ilivunja Katiba. Serikali ya Junichiro Koizumi haikukata rufaa, na iliomba radhi. Mwaka 2019, mahakama hiyo hiyo iliamuru familia za wagonjwa pia zilipwe fidia.

Ukoma bado upo katika nchi kadhaa, DRC ikiwa mojawapo. Unapona, na dawa zake hutolewa bure kupitia OMS. Mtu aliyepona haambukizi mtu yeyote, hata kama vidole vyake vimepinda. Chakula alichokipika kinaweza kuliwa bila hofu.