Maangamizi: The Ancient One

Maangamizi: The Ancient One ni filamu ya Tanzania ya mwaka 2001 iliyoongozwa na Mtanzania Martin Mhando pamoja na Mmarekani Ron Mulvihill. Inahusu mzimu, ugonjwa wa akili na uponyaji.

Hadithi

Dk. Asira (Barbara-O) ni Mmarekani mwenye asili ya Afrika anayefanya kazi katika hospitali nchini Tanzania. Katika wodi ya wanawake anamkuta Samehe (Amandina Lihamba), mgonjwa aliyekaa kimya kwa miaka 20. Samehe yumo chini ya nguvu za Maangamizi (Mwanajuma Ali Hassan), bibi wa kale asiyepatikana katika vitabu vya udaktari. Kadiri Asira anavyojitahidi kumponya, ndivyo yeye mwenyewe anavyovutwa na bibi huyo.

Majina hayakuwekwa ovyo. "Maangamizi" ni uharibifu usioacha kitu, ilhali "samehe" ni kitenzi, tena cha kuamuru au kuomba. Mtazamaji anayejua Kiswahili huupata mgogoro wa hadithi kabla ya maelezo yoyote, jambo ambalo msomaji wa tafsiri chini ya picha hulikosa.

Nguvu za mzimu

Katika filamu ya Marekani Carrie (1976) ya Brian De Palma, msichana husogeza vitu kwa nguvu ya akili yake, na uwezo huo ni wake peke yake. Hapa nguvu ni ya ukoo. Mzimu, kwa imani za wengi Afrika Mashariki, ni roho ya marehemu anayeendelea kuwahusu walio hai. Si sawa na pepo, ambaye humpanda mtu hata kama hawana undugu. Kwa hiyo swali linalomkabili daktari ni gumu: je, anayesikia sauti ya bibi yake ni mgonjwa, au ni mtu aliyeitwa? Filamu haimdhihaki daktari wala mzimu, na hapo ndipo inapozidi filamu nyingi za kutisha.

Waigizaji na tuzo

Lihamba amewahi kuwa profesa wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Barbara-O alijulikana kwa Daughters of the Dust (1991).

Hii ndiyo filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kushindania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, katika tuzo za 74 zilizotolewa mwaka 2002. Haikuteuliwa. Ya pili, Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ilipelekwa mwaka 2022.