Kilo 10 za korosho zatosha kuendesha darasa la kisomo

Na Mwandishi Wetu

MSIMU wa korosho unapofika kilele, kati ya Oktoba na Desemba, foleni kwenye maghala ya vyama vya msingi mikoani Mtwara na Lindi huwa ndefu. Mkulima hupima mzigo wake, hukabidhiwa karatasi yenye idadi ya kilo na daraja la korosho, kisha hurudi nyumbani kusubiri mnada. Baada ya mnada huja hesabu nyingine: bei iliyopatikana, makato na kiasi kilichoingia kwenye akaunti yake ya benki.

Asiyejua kusoma humpa karatasi hiyo mjukuu, jirani, au karani yule yule aliyempimia. Akiambiwa makato ni kiasi fulani, hana la kuuliza. Wapo wanaoona heri wauze kwa kangomba, fedha mkononi, ingawa wanajua fika kuwa bei hiyo ni ya hasara.

Ndiyo maana habari ya kisomo ina nafasi yake katika kurasa za biashara na kilimo. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao sheria yake ilitungwa mwaka 2005 na kuanza kutumika kwa korosho mwaka 2007, unakwenda kwa karatasi tangu mwanzo hadi mwisho. Novemba 2018, Serikali ilipoamua kununua yenyewe korosho zote kwa Sh3,300 kwa kilo, malipo yaliambatana na uhakiki wa wakulima na mashamba yao. Hapo karatasi ilikuwa na uzito sawa na gunia.

Tanzania si mgeni wa kazi hii. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kampeni ya kufuta ujinga ikafuata hadi mwaka 1975. Vitabu vya kisomo vilifundisha kusoma kupitia pamba, ndizi, ng'ombe na uvuvi, kutegemea mkoa. Kwa takwimu za Serikali, wasiojua kusoma na kuandika walishuka kutoka takriban theluthi mbili ya watu wazima mwaka 1967 hadi chini ya asilimia 10 mwaka 1986. Baadaye wakaongezeka tena, na sensa ya mwaka 2012 ilionyesha wamevuka asilimia 20.

Kilichoangusha madarasa yale si uvivu wa wanakisomo. Uchumi wa miaka ya 1980 ulipoyumba, vitabu na karatasi viliadimika na posho za walimu zikachelewa au kukatika kabisa. Mwalimu wa kujitolea naye ana shamba lake. Akikosa posho miezi mitatu, mwezi wa nne hayupo.

Hali hiyo inafanana na ya leo. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ipo kisheria tangu mwaka 1975, halmashauri zina maofisa wa elimu ya watu wazima, na upo mpango wa MUKEJA ambao wanakisomo wenyewe huchagua la kujifunza kulingana na mahitaji yao. Jengo kwa kawaida hupatikana, maana shule ya msingi hubaki tupu jioni. Pengo liko kwenye gharama ndogo ndogo za kila mwezi, ambazo mfadhili hazioni. Mfadhili hupenda kununua ubao, apigwe picha pembeni yake. Chaki ya mwezi wa sita haina mpiga picha.

Basi tupige hesabu, kwa mfano tu. Tuchukue darasa la watu 30 linalokutana mara tatu kwa wiki kwa miezi tisa, likifungwa wakati wa mavuno. Tuseme mwezeshaji analipwa posho ya Sh50,000 kwa mwezi, na chaki, madaftari na kuchaji taa ni Sh15,000. Kwa mwezi ni Sh65,000, na kwa miezi tisa ni Sh585,000.

Mkiamua kuchanga fedha taslimu kila mwezi, darasa litakufa Februari au Machi, wakati akiba ya chakula imepungua na hakuna mwenye senti. Lakini kila mwanakisomo akitoa thamani ya kilo 10 za korosho baada ya mnada, kwa bei ya chini ya Sh2,000 kwa kilo, darasa linapata Sh600,000 kwa mkupuo. Bei ikipanda, ziada iwekwe, kwani watu watano wakishindwa kutoa mnabaki na Sh500,000, na pengo la Sh85,000 litahitaji kuzibwa.

Fedha hizo ziwe na daftari na sanduku. Vikundi vingi vya VICOBA tayari vina utaratibu wa kufuli tatu na washika funguo watatu. Darasa linaweza kufuata mtindo huo huo. Lakini likianza kukopeshana, lifahamu kuwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaka vikundi hivyo visajiliwe.

Wapo watakaouliza kuhusu mikopo ya halmashauri isiyo na riba, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Ushauri wetu ni kwamba msikope kulipia posho. Deni hulipwa na biashara, na posho haizai. Wanawake wa darasa wanaweza kukopa kwa ajili ya ubanguaji, kisha sehemu ya faida iingie kwenye sanduku. Hata hivyo, katiba ya kikundi, mihtasari ya vikao na fomu ya maombi ni vya kusoma na kuandika, hivyo kisomo kitangulie.

Kuna hatari nyingine. Mradi ukinoga, darasa hugeuka kikundi cha kulima. Watu waliokuja kutafuta herufi wanaondoka na jembe. Siku za mradi zisile siku za somo.

Na somo lenyewe liwe la karibu. Stakabadhi ya msimu uliopita, ikifichwa jina la mwenyewe, ni kitabu tosha: kilo mara bei, toa makato, linganisha na kilichoingia benki. Mwanakisomo akiiweza hesabu hiyo, hatahitaji kubembelezwa kuja darasani.

Kikao cha kukubaliana kilo 10 kifanyike Agosti, korosho zikiwa bado mtini. Kikisubiri Desemba, fedha zitakuwa zimeshaingia benki na madeni ya dukani yatakuwa yameshatangulia.