Kenge Amesusa Kula!

"Wifi, njoo! Kenge wetu wiki ya tatu hali!" Simu hiyo ya Julai ilinitoa Ruangwa mbio hadi Nachingwea. Nikamkuta kaka anamlazimisha yai, kambana taya, wifi analia.

Jamani, acheni! Kenge asipoota jua tumbo halisagi chakula, kinaozea ndani. Tena kenge wa nchi kavu hupunguza kula msimu wa baridi na ukame. Tukamtoa juani, kivuli na maji pembeni. Shina la mkia likikonda, hapo mwite daktari wa mifugo.

Siku ya nne akameza konokono mwenyewe. Lakini kibali hawakuwa nacho, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 inakidai. Wakampeleka kwa afisa wanyamapori. Wifi akalia tena. Safari hii kaka alimshika yeye mkono.