Kihisi: upana na idadi ya pikseli

Kihisi (wingi: vihisi) ni kipande cha kamera kinachopokea mwanga, neno limetokana na kitenzi "hisi". Katika programu ya Stellarium, upana wa kihisi huandikwa kwa milimita, mbali na idadi ya pikseli. Upana huo na urefu wa fokasi wa darubini ndivyo huamua eneo la anga litakaloingia pichani: milimita 23.5 kwa fokasi ya milimita 500 hutoa takriban nyuzi 2.7, na Kilimia huenea humo. Pikseli zikiunganishwa mbilimbili, idadi hupungua, upana haubadiliki. Mpiga picha wa Tandale akiupunguza nusu, ataona Kilimia kimebanwa, aache bure usiku adimu usio na mawingu.